Tawi Lililobofywa na Tawi Lililochaguliwa: Mwongozo wa Menyu ya Kitufe cha Kulia

Programu nyingi za ofisini huonyesha kumbukumbu zake kwa umbo la mti: folda ndani ya folda, akaunti ndani ya akaunti, kata ndani ya wilaya. Mtumiaji hupeleka kishale kwenye tawi analolitaka, hubofya kitufe cha kulia cha kipanya, na menyu fupi hufunguka: Fungua, Badili jina, Ongeza, Futa. Hana shaka kwamba amri atakayoichagua itatekelezwa juu ya tawi lile lile alilolibofya. Ana haki ya kuamini hivyo. Mtengenezaji programu anapaswa kuilinda imani hiyo kila mara, maana kosa la mara moja linatosha kufuta kumbukumbu za kata nzima.

Tuchukue programu ya kutunza orodha ya maeneo ya Tanzania Bara. Mti wake unaanzia mkoa, unashuka kwenye wilaya, tarafa, kata, kijiji, hadi kitongoji. Karani amefungua Mkoa wa Pwani, Wilaya ya Kisarawe. Amebofya kushoto kata ya Maneromango ili asome taarifa zake, kwa hiyo Maneromango ndiyo iliyochaguliwa na imepakwa rangi. Chini kidogo anaona kata ya Masaki imeingizwa mara mbili. Anapeleka kishale kwenye ile ya pili, anabofya kulia, anachagua Futa. Kama msimbo wa amri ile unauliza mti “ni tawi gani limechaguliwa?”, jibu litakuwa Maneromango. Masaki ya ziada itabaki pale pale, na Maneromango itaondoka pamoja na vijiji vyake vyote.

Kosa hili ni la kawaida sana, na sababu yake iko wazi. Mti una hali mbili ambazo wanaoanza huzichanganya. Kuna tawi lililochaguliwa, ambalo mti unalikumbuka hadi liteuliwe jingine. Kuna pia tawi lililo chini ya kishale wakati kitufe cha kulia kinapobonyezwa, na hili linajulikana kwa muda huo tu. Kitufe cha kushoto huzifanya hali hizi mbili kuwa kitu kimoja. Kitufe cha kulia, katika vifaa vingi vya kutengenezea madirisha, hakifanyi hivyo. Kwenye Windows Forms hali ni ya hatari zaidi, kwa sababu ukibonyeza kitufe cha kulia tawi la chini ya kishale hupakwa rangi kana kwamba limechaguliwa, kisha ukiachia kitufe rangi inarudi kwenye tawi la zamani. SelectedNode, sifa inayotaja tawi lililochaguliwa, haikubadilika hata kidogo. Jicho limeambiwa jambo moja na msimbo jambo jingine.

Kabla ya kuandika mstari wowote, basi, amua sheria. Ziko mbili zinazokubalika. Ya kwanza ni kwamba kubofya kulia kunahamisha uteuzi: tawi lililobofywa linakuwa ndilo lililochaguliwa, halafu menyu inafunguka. Ya pili ndiyo ya Mac. Kwenye NSOutlineView uteuzi haubadiliki, bali tawi lililobofywa huzungushiwa mstari, na programu huuliza clickedRow ili ijue ni safu gani iliyolengwa. Kwa programu za Windows na Linux napendekeza ile ya kwanza bila kusita. Karani anaiona rangi ikihamia Masaki kabla hajachagua amri, na akiwa amekosea safu atajua mapema. Kwenye Mac fuata desturi ya Mac, kwa kuwa watumiaji wake wameizoea.

Nitaonyesha sheria ya kwanza kwa Python na Tkinter, kwa sababu Tkinter huja na Python yenyewe katika usakinishaji wa kawaida wa Windows, na inakwenda vizuri hata kwenye kompyuta za zamani. Mti wake ni ttk.Treeview.

def fungua_menyu(tukio):
    tawi = mti.identify_row(tukio.y)
    if not tawi:
        return
    if tawi not in mti.selection():
        mti.selection_set(tawi)
    mti.focus(tawi)
    andaa_menyu(mti.selection())
    try:
        menyu.tk_popup(tukio.x_root, tukio.y_root)
    finally:
        menyu.grab_release()

mti.bind("<Button-3>", fungua_menyu)

Mstari wa kwanza ndani ya fanksheni ndio unaobeba uzito wote. identify_row hupokea kimo cha kishale ndani ya mti na kurudisha kitambulisho cha safu iliyopo hapo. Ikirudisha maandishi matupu, mtumiaji amebofya nafasi wazi chini ya safu ya mwisho. Hapo usifungue menyu yenye Futa. Ama rudi kimya kama ilivyo juu, ama fungua menyu nyingine fupi yenye amri za mti mzima, mfano “Ongeza mkoa” na “Soma upya”. Napenda hii ya pili kwa mti ambao unaweza kuwa mtupu, vinginevyo mtumiaji wa siku ya kwanza hatakuwa na tawi la kubofya.

Angalia pia kwamba msimbo umetumia vipimo vya aina mbili. Tukio.y ni umbali kutoka juu ya mti, na ndio unaofaa kulitafuta tawi lililobofywa. X_root na y_root ni umbali kutoka pembe ya skrini, na ndio unaofaa kuiweka menyu. Ukivichanganya, menyu itatokea mbali na kishale, au utapata safu isiyo sahihi. Kwenye Qt mtego huu una sura yake: ishara ya customContextMenuRequested inapotoka kwenye QTreeView, nukta inayokuja nayo imepimwa kutoka kwenye eneo la ndani la mti, lile lisilohesabu kichwa cha safu wima. Ukiigeuza kwa mapToGlobal ya mti wenyewe badala ya ile ya viewport, menyu itapanda juu kwa kiasi cha kimo cha kichwa hicho. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba watu huiacha hivyo miaka na miaka.

Kigezo cha menyu kiumbwe na tearoff=0. Bila hivyo Tk huweka juu ya menyu mstari wa nukta wa kuichomoa menyu kuwa dirisha lake, jambo ambalo mtumiaji wa leo hulishangaa tu. Fanksheni ya andaa_menyu ni yako kuiandika: inafuta vipengele vya zamani kwa menyu.delete(0, "end") kisha inaongeza vile vinavyolingana na matawi iliyopewa. Iipe kila amri orodha ya vitambulisho ilivyokuwa wakati menyu inafunguka, wala usiiache iulize tena uteuzi baadaye. Na usidhani kwamba msimbo ulio chini ya tk_popup utasubiri mtumiaji achague. Kwenye Windows unasubiri, ila kwenye Linux fanksheni hurudi papo hapo huku menyu ikiwa bado wazi. Ukisafisha vigezo vyako mahali hapo, programu iliyofanya kazi vizuri kwako itaharibika kwa mwenzako.

Mistari miwili inayoanza na “if tawi not in” inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu hapa ndipo programu nyingi zilizoandikwa kwa uangalifu huteleza. Treeview huruhusu kuchagua matawi mengi kwa Ctrl au Shift. Karani akichagua vijiji vitano kisha akabofya kulia juu ya kimojawapo, anakusudia vyote vitano. Ukiita selection_set bila kuuliza, umeutupa uteuzi wake na amri itagusa kijiji kimoja. Akibofya kulia nje ya vile vitano, anakusudia hicho kipya pekee, na uteuzi wa zamani hauna budi kuondoka. Kwa hiyo swali ni moja: je, tawi lililobofywa limo ndani ya uteuzi? Likiwamo, uache uteuzi. Lisipokuwamo, uuweke upya.

Uteuzi wa wengi katika mti una tatizo ambalo orodha ya kawaida haina. Mtu anaweza kuchagua kata pamoja na vijiji viwili vilivyo ndani ya kata hiyo hiyo. Ukifuta kata, vijiji vinaondoka nayo, na amri inayofuata inatafuta kijiji ambacho hakipo tena kwenye hifadhidata. Ukinakili, utapata nakala mbili za vijiji vile vile. Dawa yake ni kuupunguza uteuzi kabla ya kazi: kwa kila tawi panda juu kwa mti.parent hadi kwenye mzizi, na ukikutana na mzazi aliyemo pia kwenye uteuzi, mwondoe mtoto. Ni mistari michache, na inazuia makosa ambayo ni vigumu sana kuyarudia wakati wa majaribio.

Mti mkubwa huleta jambo jingine. Huwezi kupakia vitongoji vya nchi nzima kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo programu husubiri tawi lifunguliwe ndipo ilete watoto wake. Ili ile alama ya kufungulia ionekane, watengenezaji huweka mtoto bandia ndani ya kila tawi ambalo halijafunguliwa. Sasa karani anabofya kulia kata ambayo hajaifungua, anachagua Futa, na programu inaandaa onyo kwa kuhesabu get_children. Inapata mtoto mmoja, yule bandia, nayo inauliza: “Kata hii ina kijiji 1. Ufute?” Ukweli unaweza kuwa vijiji saba na vitongoji thelathini. Idadi ya kuonyesha kwenye onyo iulizwe kwenye hifadhidata siku zote. Mti kwenye skrini ni picha ya sehemu tu ya kumbukumbu. Na mtoto bandia naye asiwe na menyu: ukimtambua, rudi kimya.

Upo pia muda kati ya kufunguka kwa menyu na kuchaguliwa kwa amri. Karani anaweza kuitwa mapokezi na kuiacha menyu wazi. Kama programu husoma upya data kutoka kwenye seva kila baada ya muda, safu zinaweza kupanda au kushuka, au tawi lenyewe likaondolewa na mtu wa ofisi nyingine. Usihifadhi namba ya safu. Hifadhi kitambulisho cha kudumu, yaani kile cha kwenye hifadhidata, na amri inapoanza uliza kwanza kama kingalipo. Kwenye Tkinter, mti.exists hujibu kwa upande wa skrini. Kwenye Qt usibaki na QModelIndex ya kawaida, maana modeli ikibadilika haitegemeki tena. Tumia QPersistentModelIndex au kitambulisho chako mwenyewe.

Walio kwenye vifaa vingine watakuta kanuni ni ile ile, mitego ndiyo inayotofautiana.

Windows Forms hutoa tukio la NodeMouseClick lenye e.Node, tawi halisi lililobofywa. Ndani yake, kama kitufe ni cha kulia, iweke SelectedNode iwe e.Node. Ukipenda kufanya mapema zaidi, tumia MouseDown pamoja na GetNodeAt.

WPF ni ngumu kidogo, kwa kuwa SelectedItem ya TreeView inasomwa tu, haiandikwi. Inakubidi uitafute TreeViewItem iliyo chini ya kishale kwa kupanda na VisualTreeHelper.GetParent, kisha uiwekee IsSelected. Tahadhari: katika WPF tawi mtoto limo ndani ya tawi mzazi, na tukio la MouseRightButtonDown hupanda kutoka kwa mtoto kwenda kwa mzazi hadi juu kabisa. Ukiweka uteuzi katika kila hatua bila kuandika e.Handled = true, karani atabofya kitongoji na mkoa ndio utakaochaguliwa.

Kwenye Java Swing, mbinu ya getPathForLocation ya JTree hukupa njia ya tawi au null. Mtego mkubwa uko kwenye isPopupTrigger. Windows hufungua menyu kitufe kinapoachiliwa, ilhali Mac na Linux hufungua kinapobonyezwa. Msimbo unaoikagua isPopupTrigger ndani ya mousePressed peke yake utafanya kazi kwa aliyeuandika kwenye Linux, na hautafanya lolote kwenye Windows. Ikague katika mousePressed na mouseReleased, zote mbili.

GTK 3 ina gtk_tree_view_get_path_at_pos. Ukishashughulikia kitufe namba 3, rudisha TRUE, la sivyo mti utaendelea na kazi yake ya kawaida na kuuvunja uteuzi wa wengi ulioutunza.

Namba za vitufe nazo hazilingani. Tk 8.6 kwenye Mac hukiita kitufe cha kulia Button-2, huku Windows na Linux zikikiita Button-3. Watumiaji wa Mac wamezoea pia kushika Control na kubofya kushoto, desturi iliyokuja na Mac OS 8 mwaka 1997, wakati kipanya cha Apple kilikuwa na kitufe kimoja. Kwa hiyo kwenye Mac ifunge fanksheni yako kwenye Button-2 na kwenye Control-Button-1. Utajua uko kwenye mfumo gani kwa kuuliza windowingsystem ya Tk: hujibu aqua, win32 au x11.

Tuje kwenye kilichomo ndani ya menyu. Kwanza, menyu ifuate aina ya tawi. Kwenye kata weka “Ongeza kijiji”, kwenye kijiji “Ongeza kitongoji”, na kwenye kitongoji usiweke kuongeza kabisa, kwa kuwa hakuna ngazi ya chini yake. Amri isiyohusika kamwe na aina hiyo ya tawi iondolewe. Amri inayohusika lakini haiwezekani kwa sasa, kama Bandika wakati hakuna kilichonakiliwa, ibaki ikiwa imefifishwa. Mtumiaji ajifunze kwamba amri ipo na mahali pake hapabadiliki, maana mkono huzoea mahali haraka kuliko jicho linavyosoma.

Futa iwekwe mwisho, chini ya mstari wa kutenganisha, mbali na Badili jina. Onyo lake litaje jina na mzazi: “Ufute kata ya Masaki, Wilaya ya Kisarawe, pamoja na vijiji vyake 7?” Onyo linalosema tu “Una uhakika?” halimsaidii mtu yeyote, kwa sababu aliyebofya tawi lisilo lake ana uhakika kamili. Kama unaweza kujenga njia ya kurudisha kilichofutwa, ijenge. Ina thamani kuliko onyo lolote. Na kumbuka kwamba kuificha amri kwenye menyu hakumzuii asiye na ruhusa. Ruhusa zikaguliwe kwenye seva.

Menyu hii isiwe njia pekee. Haionekani hadi mtu ajue kubofya kulia, na wapo wengi ambao hawajui. Kila amri iliyomo iwepo pia kwenye menyu kuu ya juu au kwenye upau wa vitufe.

Sasa kibodi, sehemu inayoachwa mara nyingi na isiyostahili kuachwa. Kwenye Windows na mazingira mengi ya Linux, Shift+F10 hufungua menyu ya kitu kilichochaguliwa, na kibodi nyingi zina kitufe maalumu cha kazi hiyo karibu na Ctrl ya kulia. Mtu asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini kama NVDA, mtu mwenye mkono unaotetemeka, karani ambaye kipanya chake kimekufa katikati ya siku, wote hutegemea njia hiyo. Hapa hakuna kishale cha kuuliza. Tawi la kutumia ni lile lenye fokasi, na mahali pa kuiweka menyu ni chini ya safu yake. Kwenye Tkinter ifunge fanksheni nyingine kwenye Shift-F10: chukua mti.focus, ita mti.see ili tawi lionekane, kisha mti.bbox ikupe x, y, upana na kimo. Jumlisha na winfo_rootx na winfo_rooty upate nukta ya skrini. Ukiruka hatua ya see, bbox itakurudishia maandishi matupu kwa tawi lililojificha nje ya eneo linaloonekana.

Windows yenyewe hutuma ujumbe wa WM_CONTEXTMENU ukiwa na nukta ya -1 na -1 pale menyu inapoombwa kwa kibodi. Msimbo usiolijua hilo huifungua menyu kwenye pembe ya juu kushoto ya skrini. Swing ina setComponentPopupMenu, inayopokea kibodi na kipanya kwa pamoja, na Qt hutuma ishara ile ile kwa njia zote mbili. Jambo moja la kusema wazi: Tk 8.6 haitoi kwa programu za kusoma skrini taarifa zinazohitajika kuusoma mti. Kama miongoni mwa watumiaji wako yumo asiyeona, chagua Qt, Windows Forms au WPF tangu mwanzo, kwa sababu kuhamia baadaye ni kuandika upya.

Unapojaribu, usijaribu kwa tawi ambalo tayari limechaguliwa, maana hapo hata msimbo mbovu hutoa jibu sahihi. Chagua tawi moja kwa kushoto, bofya jingine kulia, tekeleza Badili jina, uone jina lipi limebadilika. Rudia ukiwa umeuviringisha mti hadi chini. Rudia kwa matawi matatu yaliyochaguliwa, ukibofya ndani yake, kisha nje yake. Bofya nafasi wazi. Bofya kata isiyofunguliwa na usome idadi iliyo kwenye onyo. Fungua menyu, mwambie mwenzako afute tawi hilo hilo kutoka kwenye kompyuta yake, kisha uchague amri. Mwisho weka kipanya kando na uyapitie yote hayo kwa mishale ya kibodi na Shift+F10.